“Ni nesi tu”: je, mama aendelee kutibiwa na muuguzi wa zahanati?

Swali: “Shikamoo mama. Naishi kijiji cha mwambao wa ziwa, wilaya ya Uvinza. Zahanati yetu ilikuwa na tabibu, lakini amekwenda masomoni tangu mwanzoni mwa mwaka, amebaki muuguzi mmoja na mhudumu wa afya. Mama yangu ana miaka 61 na ana presha. Tabibu alimwanzishia amlodipini ya miligramu 5. Mwezi wa nne muuguzi akamwongezea ikawa 10, na tangu hapo miguu yake inavimba jioni. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam aliposikia alikasirika sana. Anasema yule ni nesi tu, hana ruhusa ya kumtibu mtu presha, mama aache hizo dawa na yeye atatuma nauli aende akaonwe na daktari. Binamu yetu aliyeko Marekani naye anasema anatibiwa na nesi mwaka wa tatu sasa, dawa zote anaandikiwa na nesi, na wala hajaonana na daktari. Mke wa mdogo wangu ana mimba ya miezi saba na kliniki anahudhuria kwa muuguzi huyohuyo. Mama ameacha dawa, leo siku ya tano. Nimsikilize nani?”

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, hili la siku ya tano. Kesho asubuhi mpeleke mama zahanati apimwe, na siku hiyohiyo arudie dawa. Kama ni miligramu 5 au 10, kipimo cha kesho na maelezo ya ile miguu ndivyo vitakavyoamua. Amlodipini hukaa mwilini siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, ndiyo maana siku mbili tatu za kwanza mama hakuona tofauti yoyote, pengine hata akasema anajisikia mwepesi. Dawa inaisha taratibu, presha inapanda taratibu, na mwenyewe hasikii kitu. Wagonjwa wangu wengi waliopata kiharusi walikuwa na maneno hayohayo mdomoni: niliacha kwa sababu nilikuwa najisikia vizuri.

Sasa turudi kwa kaka, kwa binamu, na kwako wewe uliye katikati yao. Nikisoma barua yako naona watu wawili wanabishana kuhusu “nesi”, lakini kila mmoja anamzungumzia mtu mwingine kabisa. Nesi wa binamu yako na nesi wa kijijini kwenu hawakusoma kitu kimoja na hawana mamlaka yaleyale. Na nesi ambaye kaka yako anamuona kichwani mwake, mwenye kazi ya kuchoma sindano na kutandika vitanda huku akisubiri amri ya daktari, si muuguzi anayeendesha zahanati ya Tanzania leo. Tukiwatenganisha hawa watatu, nusu ya ugomvi wenu itakuwa imekwisha.

Nianze na binamu. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kumpima mtoto, kutambua ugonjwa na kumtibu mwenyewe, kwa sababu familia nyingi za vijijini hazikuwa na daktari wa kumfikia. Nakuomba uitazame sababu hiyo. Ni ileile iliyoko kwenu mwambaoni. Kutoka hapo ikazaliwa kada nzima. Kiswahili hakina jina moja lililozoeleka la kada hiyo, kwa hiyo hapa nitamwita muuguzi mtabibu. Ni mtu aliyekwisha kuwa muuguzi kamili, kisha akarudi darasani kusomea shahada ya uzamili au zaidi, akafundishwa kuchukua historia ya ugonjwa, kupima mwili mzima, kusoma majibu ya maabara, kuamua ugonjwa na kuandika dawa, halafu akapewa leseni nyingine kwa kazi hiyo. Katika zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani anafanya hayo yote bila daktari kumsimamia. Uingereza nao tangu 2006 wameruhusu wauguzi waliosomea uandishi wa dawa waandike karibu dawa zote zilizo ndani ya ujuzi wao. Na si mambo ya Wazungu peke yao: Botswana imekuwa ikifundisha wauguzi wa aina hiyo tangu miaka ya 1980, kwa ajili ya kliniki za vijijini. Binamu yako anasema kweli, tena anatibiwa na mtu aliyesomea hasa kazi anayoifanya.

Je, wanaotibiwa hivyo wanapona sawa na wanaotibiwa na madaktari? Swali hilo limepimwa, tena kwa njia ngumu. Huko New York wagonjwa 1,316 walipangwa kwa bahati nasibu, baadhi kwa wauguzi watabibu na wengine kwa madaktari. Matokeo yakachapishwa mwaka 2000: baada ya miezi sita hali zao zilikuwa karibu sawa. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, yaliyojumuisha tafiti 18, yalionyesha kwamba katika huduma ya msingi wanaohudumiwa na wauguzi wanapata matokeo yanayofanana na ya wanaohudumiwa na madaktari au bora kidogo, presha ikiwa mojawapo ya mambo yaliyokwenda vizuri zaidi. Wagonjwa waliridhika zaidi, na muuguzi alikaa na mgonjwa muda mrefu zaidi.

Kwangu mimi, miaka yote hii kazini, hilo la muda ndilo linaloeleza mengine. Presha ni tofauti na jipu, ambalo unalipasua ukamaliza. Ni kazi ya miaka ishirini: kupima, kuuliza kama dawa imeisha, kugundua kwamba bibi anameza kidonge kimoja kila siku mbili ili kifike mwisho wa mwezi, kuzungumza na mkaza mwana anayepika kuhusu chumvi. (Na sisi wa Uvinza, kwenye chumvi ya kuchimbwa hapo hapo nyumbani, tunaimwaga kwa mkono mkubwa. Mtu mzima kwa siku nzima asizidishe kijiko kimoja kidogo cha chai, ikiwemo iliyo ndani ya chakula.) Kazi ya namna hii inamtaka mtu anayemfahamu mgonjwa na anayepatikana. Daktari bingwa aliye mbali, anayeonwa mara moja kwa mwaka, haiwezi hata awe na akili kiasi gani.

Lakini tafiti hizo nazo tuzisome kwa haki. Wauguzi wengi waliopimwa ndani yake walikuwa na mafunzo ya ziada, maabara jirani, na daktari wa kumpigia simu. Huwezi kuchukua matokeo ya New York ukamvika muuguzi aliye peke yake Uvinza, mwenye mashine ya presha isiyo na betri, ukasema basi mambo ni sawasawa. Hapo kaka yako ana haki ya kuuliza.

Muuguzi wenu ni nani hasa? Kijijini kila aliyevaa nguo nyeupe tunamwita dokta, kwa hiyo nikufafanulie. Daktari wa shahada husoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Tabibu, kama yule aliyekwenda masomoni, husoma stashahada ya miaka mitatu, na kazi aliyofundishwa ni hiyo ya kutambua na kutibu magonjwa ya kawaida. Muuguzi mkunga naye anaweza kuwa na stashahada ya miaka mitatu, au cheti cha muda mfupi zaidi, au shahada. Tofauti yake na tabibu ipo kwenye walichofundishwa zaidi ya kwenye miaka waliyokaa darasani. Wote wanatakiwa kuwa wamesajiliwa. Muuguzi anasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2010, na leseni yake anapaswa kuihuisha. Ukiuliza kwa adabu kama ana leseni hai, muuguzi wa kweli hatachukia.

Zahanati ilivyopangwa na taifa, tabibu na muuguzi wanafanya kazi pamoja. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM), ulioanza mwaka 2007, ulitaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Majengo yakasimama haraka kuliko watumishi walivyopatikana, na mwambao wetu unalijua hilo vizuri. Tabibu akienda masomoni, kazi yake haimsubiri. Inamwangukia aliyebaki. Wizara iliona ukweli huo, na mwaka 2016 ikatoa mwongozo wa kugawana majukumu: kazi fulani za kada moja zinaweza kufanywa na kada nyingine, ikiwa mhusika amefundishwa kazi hiyo, anafuata mwongozo wa matibabu ulioandikwa, na anasimamiwa na aliye juu yake. Shika masharti hayo matatu, kwa sababu ndiyo jibu langu kwako. Muuguzi aliyetimiza yote matatu anamtibu mama kihalali na vizuri. Kama ana moja tu, au hana hata moja, kaka yako ana sababu ya kuhofu.

Naomba uone kazi hiyo ikifanyika vizuri inavyokuwa, maana watu wanadhani muuguzi anakisia. Mtoto wa miezi minane analetwa na homa na kikohozi. Muuguzi hakimbilii sindano. Anamwambia mama amkalishe mtoto mapajani, amfunue kifua, wanyamaze wote. Anaangalia saa iliyobanwa kifuani kwake na kuhesabu pumzi dakika nzima, kidole kikigonga mezani kila kifua kinapoinuka. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni haraka kupita kiasi. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, ni 40. Hapo anatibu nimonia. Anaangalia kama kifua kinabonyea kwa ndani. Anauliza: ananyonya? anatapika kila kitu? amepata degedege? amelegea kuliko kawaida? Jibu moja baya likijitokeza, anampa dozi ya kwanza na kuandika rufaa. Anatoboa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, na kikionyesha, anatoa dawa mseto kwa uzito wa mtoto. Katika utafiti wa taifa wa malaria wa mwaka 2017, Kigoma ilikuwa ya kwanza nchini: karibu mtoto mmoja kati ya wanne wenye umri chini ya miaka mitano alikuwa na vimelea. Waliowahudumia watoto hao kwenye zahanati zetu, kwa sehemu kubwa, ni wauguzi na matabibu. Tungewasubiri madaktari, tungezika sana.

Na kwenye kliniki za tiba na matunzo kwa wenye virusi vya UKIMWI ni wauguzi waliofundishwa wanaowaanzishia watu ARV na kuwafuatilia. Afrika Kusini walilipima jambo hilo kwa utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2012, na wagonjwa wa wauguzi hawakufanya vibaya kuliko wa madaktari.

Mkoa wetu wenyewe una ushahidi ninaojivunia. Kati ya mwaka 1984 na 1991, katika hospitali ya mkoa hapa Kigoma, Dkt. Godfrey Mbaruku na wenzake walipunguza vifo vya uzazi kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hawakuletewa kundi la mabingwa. Walitumia zaidi watu na vifaa vilivyokuwepo, wakakaa wakaangalia kila palipovuja, wakaziba. Mtu akikuambia Kigoma hakuwezekani kitu mpaka aje mtu kutoka Dar, mtajie hiyo.

Tuje kwenye miguu ya mama. Amlodipini hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu, na hivyo ndivyo inavyoshusha presha. Mishipa inayorudisha damu haiilegezi kwa kiasi hicho. Basi damu inaingia miguuni kwa urahisi kuliko inavyotoka, msukumo unaongezeka kwenye mishipa myembamba ya kifundo, na maji yanachujika na kukaa chini ya ngozi. Ndiyo maana ni jioni, baada ya kusimama kutwa, na asubuhi inakuwa imepungua. Jambo hili hutokea zaidi kwenye miligramu 10 kuliko 5, na kwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Uvimbe wa aina hii peke yake hauna maana kwamba figo zimekufa, wala kwamba mama amepewa sumu. Dawa ya kukojoa haiuondoi vizuri pia, kwa hiyo mtu asimpe vidonge vya kukojoa kwa sababu ya uvimbe huo tu. Kinachosaidia ni kurudi kwenye 5 na, presha ikiwa bado juu, kuongeza kidogo dawa ya aina nyingine. Mara nyingi dawa mbili kwa dozi ndogo hushusha presha vizuri kuliko moja kwa dozi kubwa, na madhara yake ni machache.

Lakini miguu inaweza kuvimba kwa sababu ya moyo, figo au mshipa ulioziba, na hapa ndipo pa kuwa macho. Kama mama anahema akitembea hatua chache, kama hawezi kulala chali na anaweka mito miwili mitatu, kama uso unavimba asubuhi, kama mkojo umepungua au una povu, au kama mguu mmoja tu ndio umevimba na unauma, hapo tumeshavuka suala la dozi. Apelekwe mbele siku hiyohiyo.

Je, muuguzi alikosea kuongeza dawa? Kwa barua pekee siwezi kusema, na nisingependa kumhukumu mwenzangu asiyekuwepo. Kuna mambo ningemuuliza. Alipima mara ngapi, na kwa siku ngapi tofauti? Mtu hatakiwi kuongezewa dozi kwa kipimo kimoja cha mama aliyepanda kilima juani na kukalishwa kitini papo hapo. Presha hupimwa baada ya mgonjwa kukaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjana, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, mkanda umefungwa kwenye ngozi na si juu ya shati, na hakuna anayemsemesha. Kisha inarudiwa. Ukimpima akiwa anasimulia habari za msiba wa jirani, namba zitapanda kwa sababu ya msiba. Halafu ningemuuliza kama alimuuliza mama dawa anaimezaje. Wengi huongezewa dozi ilhali hata ile ya kwanza hawaimezi. Na mwisho ningeuliza aliwasiliana na nani: tabibu wa kituo cha afya cha jirani, au mganga mkuu wa wilaya, kwa simu tu ingetosha, na kama aliandika kwenye kadi. Orodha ya taifa ya dawa muhimu imeipa kila dawa herufi ya ngazi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, na kuendelea juu. Muuguzi anayejua kazi yake anaijua orodha hiyo, na anajua dawa gani anaweza kuishughulikia mwenyewe na ipi inamtaka apige simu.

Nikusimulie kitu ambacho sikisemi kwa urahisi. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa peke yangu kwenye zahanati moja ya mwambaoni. Alikuja mzee mvuvi wa migebuka, presha 190 kwa 115, kichwa kinamuuma. Nilimpa dawa, nikamwambia arudi kesho. Akarudi, haijashuka. Nikaongeza. Akarudi tena, nikaongeza tena. Fomu za rufaa zilikuwa kwenye droo, karibu na mkono wangu. Sikuandika, kwa sababu wiki iliyotangulia nilikuwa nimepeleka wawili, na msimamizi wangu alinisema mbele ya wagonjwa kwamba nakimbia kazi. Siku ya nne mzee aliletwa amebebwa, mkono wa kulia umelegea, mdomo umekwenda upande. Tulimpakia kwenye boti ziwa likiwa limechafuka. Alipona nusu. Mtumbwi wake akaurithi mwanawe. Tangu siku hiyo nimewafundisha wauguzi wengi, na cha kwanza ninachowaambia ni kwamba kuandika rufaa ni tiba kama kidonge kilivyo tiba. Kwa hiyo ukitaka kumpima muuguzi wenu, tazama hili kuliko vyeti: je, huwa anapeleka watu mbele? Anayesema “hili limenizidi, nendeni leo” ni mtu wa kumwamini kwa yale mengine anayoyashika mwenyewe. Asiyepeleka mtu kamwe ananitia hofu, hata akiwa na shahada tatu.

Basi, kaka yako ana nusu ya haki, na nusu hiyo tuichukue kwa moyo mweupe. Mama mwenye presha anastahili kupimwa vitu ambavyo huenda zahanati yenu haina: kazi ya figo kwa damu, protini kwenye mkojo, sukari, na kipimo cha umeme wa moyo kikipatikana. Vitu hivyo vinamwelekeza anayemtibu achague dawa gani na aiogope ipi. Hayo yafanyike mwezi huu. Lakini si lazima iwe Dar es Salaam. Kwa reli ni kilomita zaidi ya 1,200, mama ana miaka 61, na miguu yake itavimba zaidi akikaa kitini siku nzima na usiku. Nauli hiyohiyo aliyokusudia kaka inatosha kumfikisha hospitali ya wilaya, au hospitali ya mkoa ya Maweni mjini Kigoma, akapimwa na daktari, akarudi na karatasi iliyoandikwa. Na umuulize kaka kwa upole: mama akishaonwa na daktari Dar, mwezi ujao atampima nani? Atakuwa muuguzi huyohuyo. Kumtusi leo ni kumharibia mama kesho. Kinachofaa ni daktari apange, muuguzi afuatilie, karatasi isafiri kati yao ndani ya mfuko wa mama.

Ukiniuliza kati ya njia zilizo mbele yenu ningemchagulia mama yangu ipi, ni hiyo. Kubaki na zahanati peke yake bila vipimo hivyo, hapana. Kuiacha zahanati na kutegemea safari za mbali, hapana zaidi, maana nimeona wazee wakimaliza dawa za Dar kwa mwezi mmoja na kukaa miezi mitano bila kitu wakisubiri nauli nyingine. Na njia ambayo hukuitaja lakini najua ipo: duka la dawa muhimu. Muuzaji wa pale ana ruhusa ya kuuza dawa fulani. Hana kazi ya kubadilisha dawa ya presha ya mama kwa sababu amesikia miguu imevimba. Kadhalika jirani anayechoma sindano nyumbani kwake, hata kama zamani aliwahi kuwa nesi.

Mke wa mdogo wako nisimsahau. Kwa mimba isiyo na tatizo, muuguzi mkunga ni mtu sahihi hasa, si mbadala wa yeyote. Hii ndiyo taaluma yake. Kila hudhurio ahakikishe amepimwa presha na mkojo, wingi wa damu umeangaliwa, amepewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kuzuia malaria, na analala ndani ya chandarua. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi kwa mjamzito ni habari nyingine kabisa na ile ya mama. Asimezeshwe dawa za mama yenu hata siku moja, baadhi ya dawa za presha zinamdhuru mtoto tumboni. Kichwa kikimuuma sana, akiona maruweruwe, uso na mikono vikivimba, akiumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, akitokwa damu, au mtoto akipunguza kucheza, asisubiri kukuche. Hiyo inaweza kuwa njia ya kifafa cha mimba, na muuguzi aliyefundishwa humchoma dozi ya kwanza ya magineziamu palepale ndipo asafiri. Kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga ipo huduma ya m-mama, namba 115, kupiga ni bure. Na kama ni mimba ya kwanza, mapacha, au ana kovu la upasuaji, mpange sasa hivi, kabla ya mwezi wa tisa, akae wapi karibu na kituo chenye upasuaji. Mwambaoni hatuwezi kupanga safari ziwa likiwa limekwisha kuchafuka.

Kwa mama, mambo ya kukimbia nayo bila kungoja zamu ya kliniki ni presha ya 180 kwa 110 au zaidi inayoambatana na kichwa kikali, kifua kubana, kuhema au kuona giza; mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kukwama, hata kama vitapita baada ya dakika kumi. Hivyo vya mwisho msivikande kwa maji ya moto wala kusubiri kuona. Twende, saa ileile.

Kesho basi, mama asiende mbio. Mtoke mapema kabla jua halijawa kali, mfike, akae kwenye benchi apumzike. Achukue vidonge vyote alivyo navyo, pamoja na vilivyobaki vya zamani na mizizi kama anatumia, na muuguzi asifichwe kwamba alikatisha siku tano. Mwambie hivi: “Sista, miguu inavimba jioni tangu ulipoongeza dawa, na tunaomba utuandikie rufaa ya kupima figo, sukari na moyo, kisha turudi kwako.” Rufaa hiyo iwe na vipimo vyote vya presha alivyowahi kuandika kwenye kadi. Na kabla hamjaondoka, chukua namba yake ya simu, kisha mtumie kaka yako.